Rangi Isiyo na Namba

Saluni yangu Newala ina kioo kimoja,
taa ya duara ninayochaji kwa jirani,
na ndoo mbili za maji niliyonunua kwa bei
nisiyoitaja mbele ya mteja.
Huku juu maji hupanda kwa baiskeli.
Ndiyo maana nawaambia: njooni mmenawa.

Malipo ya korosho yakiingia,
mabibi harusi watatu kwa Jumamosi moja.
Wabanguaji nawajua kwa vidole:
ncha zimeungua kwa mafuta ya ganda,
ngozi imebanduka, imeota, imebanduka.
Uso naupaka mimi. Vidole wanavificha wao
chini ya shada la maua ya plastiki.

Sifanyi muujiza. Nasafisha, nasubiri pakauke,
konsila, fundesheni namba tano, namba sita,
sponji mbichi, poda, kope za kubandika.
Usicheke, nasema. Usilie, nasema.
Nusu ya kazi hii ni kumwomba mtu
asiutumie uso wake kwa saa nzima.

Jumamosi ile nilikuwa nammalizia Sikudhani nyusi
shangazi yake alipoingia na bibi,
akimsukuma mbele
kama gunia linalosubiri mizani.
"Na huyu mfute zile alama.
Mpiga picha katoka Mtwara, wakwe ni watu wa Dar."

Zile alama: pembe juu ya pembe,
toka sikioni mpaka ubavuni mwa pua,
weusi ndani ya weusi, umeinuka kidogo,
unausoma kwa kidole hata umeme ukikatika.
Na juu ya mdomo, tundu la ndonya limesinyaa
kama tundu la kifungo kilichopotea zamani.

Nikafungua namba saba. Nikafungua namba nane.
Nikazichanganya mgongoni mwa mkono wangu.
Rangi ikalala, mistari ikapanda juu yake
kama njia ya miguu baada ya mvua.
Nikaongeza.
Ikapanda.

Binti Nandule alitulia. Sijapata mteja wa kutulia vile,
si kope, si shavu, si koo.
Bibi, nikamwuliza, nani alikufundisha?
"Kisu," akasema. "Mpundi alikuwa na kisu
na masizi ya mbarika. Ukilia, mstari unapinda,
na mstari ukipinda unaolewa nao."
Kisha, kama fundi anayemwuliza fundi mwenzake:
"Yako inakaa siku ngapi?"

Mpaka jasho, nikasema.

"Na bei?"

Nikaitaja.
Alicheka mpaka shavu la kulia likapasuka poda.
"Mpundi tulimpa kuku," akasema,
"na hakuwahi kutuambia habari za jasho."

Shangazi alikuwa nje, simu sikioni,
anagombana na mtu wa viti.
Nikachota kopo moja, nikachota la pili,
nikaosha namba saba, nikaosha namba nane,
nikampaka mafuta ya ufuta, kidogo tu,
pale kila mstari ulipoinuka,
ili mwanga ukija upate pa kukanyaga.

Shangazi alinikata elfu kumi.
Sikubishana; kazi niliyoagizwa sikuifanya.
Picha sijaziona. Sikudhani ananiambia
wakwe waliuliza, na bibi akajibu kwa Kimakonde,
na hakuna aliyekubali kutafsiri.

Usiku ule nilikaa na brashi chafu mapajani.
Nikachukua penseli ya wanja,
nikajaribu kwenye kifundo cha mkono:
pembe,
juu yake pembe,
ya tatu ikapinda. Nilikuwa nacheka.

Nilikwenda nayo kanisani Jumapili,
na Jumatatu bado ilikuwepo kidogo,
kwa kuwa ndoo zote mbili
zilikuwa tupu.