Yai Sakafuni

Kaka Dulustan,
yai limebingirika tena.
Nililiweka chini ya picha ya marehemu baba,
likatulia kidogo, kama linalofikiri,
kisha likashika njia ya dirishani
bila kusukumwa na mtu.
Mwezi wa tano lilikomea kwenye mguu wa meza.
Leo limefika ukutani, likapasuka.
Mama amelikaanga. Hatupotezi kitu.

Wewe uliiacha nyumba ikiwa wima.
Nguzo zake babu alizikita katika jalidi,
udongo mgumu kuliko shoka lake,
akasema: hapa hata mauti hayatatusogeza.
Hakuona haja ya saruji.
Nani anauwekea mwamba msingi?

Sasa mwamba unatoka jasho.
Shimo letu la barafu, lile ulilojificha
siku uliyovunja redio,
lina maji ya kufika magotini.
Vipande tulivyokata ziwani Novemba
vimeyeyuka kabla ya Julai kwisha,
na nyama ya farasi inatoa harufu
ambayo mama hataki kuitaja.
Hufunga mlango wa shimo taratibu,
kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Shamba la viazi limeota nundu.
Kati ya nundu na nundu, vidimbwi,
na vidimbwi vinatoa mapovu.
Oktoba iliyopita Mwalimu Akulina
alitoboa barafu changa ya kidimbwi kimoja,
akawasha kiberiti.
Moto uliruka juu, ukala nyusi zake.
Watoto walicheka. Yeye hakucheka.
Aliandika ubaoni: *Hii ni pumzi
iliyozuiwa tangu enzi za tembo wenye manyoya.
Sasa imeachiwa.*

Jana zimefika jeki nne ulizotuma,
meno yake bado yana vumbi la machimbo.
Na pesa.
Mama amezihesabu mara mbili, akakuombea.
Mimi nimezihesabu mara moja, nikanyamaza.
Makaa unayobeba huko kusini
ndiyo yanayoizamisha nyumba,
na mshahara wa makaa
ndio unaoiinua.

Kaka, sikulaumu.
Nitakulaumu kwa mkono upi,
na huu wangu una masizi?
Januari inapouma jiko letu hula ndoo tatu kwa siku.
Moshi wetu nao hupanda,
hukutana na wa lori lako,
na wa miji tusiyoijua,
ya watu wenye taa mchana
wasiojua kwamba nyumba huweza kuzama
pasipo bahari.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Ila kibaba kikijaa
kinamwagikia kwa nani?

Tumeinua pembe ya kaskazini.
Nyumba ilipiga ukelele kwenye viungio,
mama akaikumbatia samovari
kama mtoto anayevushwa mto.
Vumbi la miaka hamsini likashuka darini,
pamoja na kiatu chako kimoja, cha kushoto.

Kisha nikachukua yai jingine,
nikaliweka chini ya picha ya baba.
Nimekaa nalitazama hadi chai imepoa.
Ukipata jeki nyingine, tuma.
Naandika upesi
likiwa bado limesimama.