Mstari Mwekundu

Kirumba, saa mbili usiku, umeme umerudi.
Naandika barua ya akina mama wa dagaa wa Igombe
na kikagua tahajia kimeingiwa wazimu:
Kabula, mstari mwekundu,
Nshoma, mstari, furu, mstari,
hata Ng'wanza, nami nimekaa ndani yake.

Nikabadili lugha. Nikafuta kumbukumbu za kivinjari.
Nikazima, nikawasha, kama redio ya marehemu baba.
Wekundu uleule, macho ya mbanika sangara.

Basi nikabofya *ongeza kwenye kamusi*,
jina kwa jina, wote ishirini na wawili,
mpaka ukurasa ukatakata.
Nikatuma benki.

Asubuhi Kabula kanipigia, anacheka hadi anakohoa:
"Mwanangu, umetuombea mkojo wa milioni nane."

Neno sahihi, hilo.
Halikupigiwa mstari.