Bahasha ya Mwisho wa Mwezi

Baba aliinunua nyumba ya Madamu Odeti
kwa desturi ya kwao Ufaransa:
hulipi yote, unatoa kidogo kila mwezi
hadi mwenyewe afe, ndipo upewe ufunguo.
Madamu alikuwa na miaka themanini,
baba arubaini na mitatu, karani wa bandari ya Tanga,
mtu wa hesabu. Akapiga hesabu.
"Sita," akamnong'oneza mama. "Ikizidi sana, minane."
Mama akaendelea kuchambua mchele.
"Umri wa mtu hauko kwenye daftari lako."

Madamu hakutaka idadi ya shilingi.
"Pesa huoza," alisema,
kwa Kiswahili alichookota kwa wakata mkonge wa Pongwe,
na matusi mawili matatu ndani yake
asiyojua kuwa ni matusi.
"Andika: thamani ya pishi kumi za mchele."
Baba akacheka, akatia sahihi.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikawa mchukuzi wa bahasha.

Mlango ule, Chumbageni, karibu na reli,
sharti uuinue kidogo kwa goti ndipo ukubali.
Ndani, baiskeli nyeusi imeegemea kabati la vyombo
kama mgeni aliyekaribishwa chai.
Alizihesabu noti mara mbili,
akanipa kashata na swali lile lile:
"Babako hajambo? Bado anakohoa?"
Sikujua, utotoni, nani alikuwa akimngoja nani.

Aliletwa na meli, bibi harusi
wa fundi wa mashine za kuchakata mkonge.
Homa ikamchukua mume.
Binti, Selini, akafuata, tumbo.
Mjukuu, pikipiki, barabara ya Muheza.
Wote aliwavalia kaniki moja;
kila mara akaifua, akaikunja, akairudisha sandukuni.
Wenzake wa mwisho walipofunga mizigo
walipita kumwita.
Alisema hawezi, ameshaloweka choroko.

Baiskeli aliiacha akiwa na tisini na saba,
si kwa miguu, kwa macho:
alimgonga mbuzi wa shehe, akaomba radhi kwa ukuta.

Alipotimiza mia walikuja watu na fomu.
Wakanong'ona: huyu si mama, huyu ni binti,
alichukua karatasi za marehemu akwepe kodi.
Akawasikia; masikio yalikuwa yake bado.
"Kama mimi ni Selini," alisema,
"niambieni basi nani yuko kaburini,
nimpelekee maua kwa jina lake."
Walikunywa chai, wakaondoka bila kuaga vizuri.

Mwaka uliofuata, baba. Kifua kile kile.
Madamu alikuja msibani, akaketi mkekani na wanawake,
akala pilau sahani mbili.
Kisha akanivuta mkono: "Deni halizikwi, mwanangu."
Kwa hesabu ya baba, nyumba ilikuwa imelipwa mara mbili.
Nikaendelea kuinua mlango kwa goti.

Kuna mwezi nilimwombea afe.
Naliandika kwa sababu ni kweli.
Mchele ulikuwa umepanda, mwanangu karudishwa kwa ada.
Nilimkuta sakafuni. Moyo wangu ukaruka,
na sitasema uliruka upande gani.
"Sindano," alisema. "Imeanguka. Macho yako mazima, tafuta."
Nikapiga magoti. Tukatafuta, mimi na yeye,
vidole vyetu vikipapasa saruji
hadi adhana ya alasiri.

Alikufa Jumanne, baada ya uji,
miaka mia na kumi na tisa,
au pungufu, kwa wanaopenda kubishana.
Wakili akanipa ufunguo.
Ulikuwa mpya; haukuwahi kutumika.
Mlango ule haukuwa ukifungwa.

Mwisho wa mwezi ulipofika
nilijikuta sokoni nauliza bei ya pishi,
nazidisha kwa kumi, natia noti kwenye bahasha.
Nilisimama nayo juani kitambo.
Kisha nikaenda kwa fundi Mbelwa, Barabara ya Nane,
nikamwambia: tairi mbili, mnyororo,
na kengele, kama unayo.