Kiua Kilichopotoka

Ukumbi wa skuli, Langoni. Feni moja yazunguka,
ya pili imegoma.
Daktari Tunu wa chuo kikuu awasha projekta
na ukutani, juu ya madoa ya chokaa,
yachanua kofia ya viua:
mashine imeichora kwa dakika moja,
bila uzi, bila sindano, bila kukesha.
Twapiga makofi. Ni adabu.

Kipaza sauti chapita: maadili, hakimiliki.
Kijana wa Shela auliza habari za ajira.
Swali laandikwa.

Kisha Bi Mwanakheri, aliyeazima miwani ya bintiye,
ainuka, asogea hadi ukutani,
kivuli chake chafunika nusu ya kofia.

“Safu ya tatu. Hiki hapa kimepotoka.
Nalikitoboa mimi,
usiku mwanangu Shekue alipopata degedege.
Mkono ulitetema, sikukifumua.
Nikaiuza hivyo hivyo, kwa haya, bei ya kutupa.
Mashine hii haikuuguza mtu.
Tetemeko langu imelitoa wapi?”

Feni yazunguka.
Daktari Tunu apekua karatasi, apekua tena,
mwisho aizima projekta.

Kofia yatoweka.
Kidole cha Bi Mwanakheri kingali pale,
kwenye chokaa tupu,
chaonyesha.