Kazi ya Kumi na Mbili

Wametaka kumi na mbili, si zaidi, si pungufu,
zilizo bora, zenye tarehe nyuma, kwa penseli.
Nimezitandaza sakafuni, chumba chetu cha Tandika,
toka mlangoni hadi uvunguni,
na Tausi aliyebanwa na haja
anapita kwa ncha za vidole kama kuku kwenye matope.

Nina viganja vya mama vikigeuza vitumbua;
viganja tu, uso alikataa:
"Utanichora nikishasuka."
Nina ndoo saba kwenye bomba lisilotoka maji
(ya nne imepinda, lakini ndivyo ilivyokuwa,
ndoo yenyewe ilipinda, nani ataniamini?)
Nina cherehani ya jirani, nina ngazi za ghorofa
lililokwama Mtaa wa Kongo,
na mguu wangu wa kushoto, mara tano,
kwa kuwa mguu hauombi hela ya soda.

Mkaa wa jikoni ndio niliochorea.
Mama alichungulia gunia, akaguna:
"Panya gani huyu anayekula mkaa?"
Nikanyamaza. Vidole vikanichongea.

Kumi na moja zimetimia, zimenyooka
chini ya godoro, tumezilalia watu watatu.
Ya kumi na mbili haiingii kabrashani:
ng'ombe wa bucha ya Chaurembo, ukutani, kona ya soko.
Nilimpaka mimi, nikiwa kibarua wa fundi Mpoki,
kwa rangi iliyobaki kwenye geti la shule.
Fundi alitaka ng'ombe anayecheka,
wa bucha wote hucheka, eti mteja asione soni.
Wangu anatazama kando,
kama aliyeitwa jina lake na sauti asiyoijua.
Chaurembo alinuna siku mbili, kisha akamzoea;
siku hizi humpangusa damu shingoni
kabla hajapangusa mzani.

"Si umpige picha," alisema Tausi.
Nikampiga, kwa simu ya kuazima.
Akatoka ng'ombe wa bucha, basi.

Jana alfajiri nilikwenda na karatasi pana,
nikaibandika ukutani,
nikalaza kipande cha mkaa, nikasugua polepole
kama anayemkanda mgonjwa.
Rangi haikutokea, rangi haina mifupa.
Zilitokea nyufa, tundu la msumari wa kalenda,
plasta iliyovimba kwa masika,
na palipo jicho, donge:
hapo nilipopaka mara nne siku ile,
nikifuta, nikirudia, nikimkatalia kucheka.

"Mbona ng'ombe hayupo?"
Chaurembo, funguo mkononi.
Nikamwonyesha donge. Akaligusa,
akatazama kidole chake kilivyo cheusi,
akakifuta kwenye aproni.
"Haya. Sogea nifungue."

Nimeandika nyuma, kwa penseli:
tarehe, mkaa juu ya karatasi, Tandika.
Penye jina la kazi niliandika Ng'ombe,
nikafuta, karatasi ikachubuka kidogo,
nikaandika Kwa Chaurembo.