Mikia

Wodi ya mifupa, saa nane za usiku.
Feni ya dari imekwama tangu Jumatatu
na joto la Mombasa halina zamu.
Juu ya kabati la dawa nimelaza daftari:
der gebrochene Arm,
den gebrochenen Arm,
dem gebrochenen Arm.
Mkono ni ule ule, umevunjika pale pale,
ila kila ukiguswa hubadili mkia.

Mwaruwa, mwalimu wetu kule Tudor, hutwambia:
sisi kivumishi twakivika kofia,
jino refu, kidole kirefu;
wao hukivika viatu.
Kofia nazijua tangu kunyonya.
Viatu vyanibana,
na mtihani ni tarehe tisa,
na ada ilikuwa bangili mbili za mama.

"Wasoma uradi gani, Mbeyu, wa kukohoa-kohoa?"
Bi Esha, kitanda cha kumi na moja,
nyonga imeshikwa kwa vyuma.
Kijerumani, bibi.
Huko mgonjwa akitenda ana umbo lake,
akitendwa huongezwa herufi.
Akanyamaza. Nikadhani amelala.
"Na mimi hapa ni yupi?
Nimevunjika, nimevunjwa, ama nimevunjikiwa?"

Sikuwa na jibu. Kwetu kitenzi ndicho mpagazi,
hubeba mtenda na mtendewa
kwa mgongo mmoja.
Nikarudi kwenye zoezi, pengo la saba:
Die Schwester gibt d... alt... Frau ein Glas Wasser.
Muuguzi ampa bibi mzee glasi ya maji.
Nikaandika die. Nikafuta.
Bibi akipewa kitu
huvaa der, kanzu ya kiume,
na uzee wake hufungwa n kisiginoni.
Kwa nini, hata Mwaruwa hajui.

Ama moyo,
neno lisilo la kike wala la kiume,
lilipaswa kutulia kama wenzake;
lakini mit dem schwachen Herzen,
lajiotesha mkia pasi na ruhusa.
Huo niliushika siku moja tu.

"Mbeyu. Nipa maji."

Kalamu ikabaki juu ya pengo.
Nilimwinua kichwa kwa kiganja,
akanywa, yakamtiririka kidevuni,
nikampangusa kwa ncha ya leso yake.
"Na maji haya, nayo yana mkia?"
Yanao, nikasema. Yakiwa peke yake
baridi ndiyo hubeba: kaltes Wasser.
"Haya hayana baridi," akasema,
akafumba mato.