Sifuri Sawa na Mia Tatu

Kitabu kiliuliza bei ya kalamu tatu na raba mbili.
Nilichoka na kalamu za watu nisiowajua.
Nikavuta daftari la shangazi Mghoi,
lenye mafuta ya maandazi na masizi ya Kariobangi,
kule kwenye karakana, mafundi wanakokunywa chai
miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso.

Jumatatu: vikombe arobaini, maandazi sitini.
Elfu moja mia nne.
Jumanne, shangazi yuko kliniki, mumewe yuko kibandani:
vikombe themanini, maandazi mia na ishirini.
Elfu mbili mia tano.

Bei nazijua, nimeuza pale tangu darasa la sita.
Nikajitia sizijui,
maana ndivyo tunavyofunzwa:
kikombe kiite x, andazi liite y,
wafanye wageni hata kama umekula nao,
ungoje karatasi ikujulishe.

Nikazidisha mstari wa kwanza kwa mbili.
Nikatoa.
x akaondoka. Vyema, sharti mmoja aondoke.
y akamfuata.
Kikabaki hiki katikati ya ukurasa, hakina haya:
sifuri ni sawa na mia tatu.

Nikafuta, nikarudia.
Mita ya stima ikilia ukutani kama kifaranga, tokeni inaisha.
Nikachora grafu. Mistari miwili, sambamba.
Wanasema njia ya mwongo ni fupi;
hii ilitoka ukingoni mwa karatasi,
na kwa ninavyojua ilivuka mto, ikavuka jaa la Dandora,
isikutane na mwenzake popote.

Nikampelekea shangazi. Alikuwa anakanda unga wa kesho.
Alitazama kitambo, kama mtu ambaye aljebra hakuisoma
ila hesabu anaijua.
"Hiki nini?" Akagusa alama, ikabaki na unga.
"Sawa na."
"Na kama si sawa? Hamna alama nyingine?"
"Ipo. Ile yenye mdomo wazi. Si chini ya."
"Weka hiyo. Si chini ya elfu mbili mia tano."

Nikaiweka.
Palipokosa jibu pakawa na majibu mstari mzima,
na mwalimu Ekirapa angeninyima alama zote
kwa kubadilisha swali.

"Lakini shangazi, zile mia tatu..."
"Jana ulimwona Mwadime akicheka?"
Nikakumbuka. Alicheka, kiganja mdomoni.
"Gego. Limemtesa tangu Pasaka, na kuniomba hela hataki.
Pengo nimeliona akipiga miayo."

Shuleni hutuambia: tia kivuli eneo lisilotakiwa.
Stima ilipokatika, chumba chote kikatiwa.
Nilisikia tu donge likipigwa ubaoni, likigeuzwa,
likipigwa tena.
Asubuhi andazi lilikuwa bado shilingi kumi.